Uganda Isiyokuwa Uganda: Wayahudi wa Kenya tangu 1903

(Hotuba kwa walimu wa historia, Eldoret)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na wazee wetu mliofika, hamjambo.

Mada ya leo ni Wayahudi wa Kenya, na ni vizuri kwamba tunaizungumzia hapa Eldoret, kwa maana nusu ya kisa hiki kinahusu ardhi tunayoikanyaga. Nianze na sentensi ambayo sote tumewahi kuisahihisha kwenye daftari la mwanafunzi, au pengine tumeipa alama bila kuigusa: "Mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi nchi ya Uganda." Sentensi fupi yenye makosa matatu. Ardhi iliyotajwa haikuwa Uganda, haikuwa nchi, na hakuna aliyepewa.

Tuanze na jina. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo iliyoitwa Kenya. Kisumu, Nandi na Uasin Gishu zikaingia upande huu. Kwa hiyo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipopita kwa treni Desemba mwaka ule akaona milima yenye baridi na nyasi, alikuwa ndani ya himaya ya Afrika Mashariki. Aliyembandika Uganda mdomoni ni reli. Iliitwa Reli ya Uganda, ingawa njia yenyewe ilikomea Kisumu mwishoni mwa 1901 na abiria aliyetaka Uganda alipanda meli ziwani. Reli hiyo ilimgharimu mlipakodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na mabehewa yalikuwa yakirudi pwani karibu matupu. Serikali ilihitaji watu wa kulima kando ya njia, walipe nauli na wasafirishe mazao. Mkizungumza na wanafunzi juu ya huruma ya Chamberlain, msisahau hesabu hiyo ya mabehewa.

Upande wa pili wa meza alikuwa Theodor Herzl, mwandishi wa Vienna aliyeongoza harakati ya Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka makao ya taifa lao Palestina. Aprili 1903 Wayahudi wa Kishinev, katika milki ya Urusi, walishambuliwa kwa siku kadhaa, makumi wakauawa na mamia ya nyumba na maduka yakabomolewa. Herzl alitaka mahali pa kuwahifadhi watu upesi, huku akiendelea kuidai Palestina kwa Sultani wa Uturuki. Rasimu ya mkataba iliandikwa na ofisi ya wakili ambaye jina lake mnalijua kwa sababu nyingine: David Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza wa baadaye. Jibu la serikali lilikuja kwa barua ya tarehe 14 Agosti 1903, iliyotiwa sahihi na Sir Clement Hill wa wizara ya mambo ya nje. Isomeni kwa makini, maana kila neno lina kufuli lake. Serikali ilikuwa tayari kusaidia tume ije ikague. Ikiwa tume itapata mahali panapofaa, na ikiwa serikali itaridhika, basi mambo matatu yangeweza kuzungumzwa: eneo kubwa la ardhi, afisa Myahudi wa kusimamia utawala wa huko, na uhuru wa kuendesha mambo ya mji, ya dini na ya nyumbani. Juu ya yote hayo, mamlaka ya mwisho yalibaki mikononi mwa Uingereza. Utaona "ikiwa" mbili kabla hujafika kwenye ahadi yenyewe.

Siku chache baadaye Kongamano la Sita la Wazayuni lilikutana Basel, Uswisi. Kura zilikuwa 295 za kukubali na 178 za kukataa, na wajumbe karibu mia wakajizuia. Lakini wajumbe walipigia kura nini? Walipigia kura kutuma tume ya ukaguzi, basi. Max Nordau, aliyemtetea Herzl jukwaani, alipaita mahali hapo malazi ya usiku mmoja, yaani pa kulala njiani. Wajumbe wa Urusi, wakiwemo wa kutoka Kishinev kwenyewe, walitoka ukumbini wakilia. Walihofia kwamba msafiri akishapata kitanda njiani atasahau alikokuwa akienda. Julai 1904 Herzl akafariki akiwa na miaka 44, na mpango ukabaki bila mwenyewe.

Sasa tufike Uasin Gishu. Eneo lililotengwa lilikuwa maili za mraba 5,000, takriban kilomita za mraba 13,000. Kaunti ya Uasin Gishu ya leo ina kama 3,300, kwa hiyo eneo lile lilikuwa karibu mara nne yake. Tume ilikuwa ya watu watatu: Meja Alfred St Hill Gibbons, Mwingereza aliyelichunguza bonde la Zambezi, Alfred Kaiser, Mswisi aliyeishi miaka mingi Sinai, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walishuka Mombasa Januari 1905, wakapanda treni hadi Nakuru, na kutoka hapo wakapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa miguu na wapagazi. Walikaa huku juu wiki chache tu na kuondoka mwezi Machi.

Nataka mtue hapo kwenye miezi. Mkulima yeyote wa Moiben au Ziwa anajua Januari hadi Machi uwanda huu unakuwaje: nyasi za rangi ya kahawia, vijito vimebaki madimbwi, upepo na vumbi. Mvua za kupandia mahindi zinaanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na zinaendelea hadi karibu Oktoba. Mtu akikagua shamba la Uasin Gishu Februari bila kumuuliza mwenyeji, ataandika kwamba maji ni haba na malisho ni duni, na atakuwa ameandika alichokiona. Wilbusch aliandika ripoti mbaya kuliko wote. Kaiser naye hakupaona pa kufaa. Gibbons peke yake aliona pangeweza kujaribiwa, taratibu na kwa watu wachache kwanza. Ardhi yenyewe leo ni ghala la mahindi na ngano la Kenya, ndiyo maana wengi humcheka Wilbusch.

Mimi simcheki. Kosa lake la malisho lisitufanye tusahau mambo ambayo tume haikukosea. Stesheni waliyoshukia ilikuwa Nakuru, na kati ya Nakuru na hapa pana msitu na mwinuko wa kuchosha ng'ombe. Soko la karibu halikuwepo. Familia maskini kutoka Urusi, fundi cherehani au mchuuzi, ingehitaji jembe la kukokotwa, maksai, mbegu na chakula cha mwaka mzima kabla ya gunia la kwanza kuuzwa, nani angelipa? Ushahidi tunao. Mwaka 1908 Makaburu wa Afrika Kusini zaidi ya 200, wakulima wa kuzaliwa, wenye magari yao ya maksai, walipanda kutoka Nakuru wakaja kukaa hapa. Hao ndio walioanza mji huu kwenye shamba namba 64, na ndiyo asili ya wazee kuuita Sisibo. Hata wao walikokota mazao kwenye matope kwa miaka 16, hadi reli ilipofika Eldoret mwaka 1924.

Jambo kubwa zaidi, ambalo barua ya Hill haikulitaja hata kwa neno moja, ni kwamba uwanda ulikuwa na wenyewe. Wamasai wa Uasin Gishu ndio walioacha jina lao hapa baada ya vita vya karne ya 19, na Wanandi walilisha mifugo yao huku. Tume ilipokuwa ikipima vijito, Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa karibu miaka 10. Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, miezi saba hivi baada ya tume kuondoka. Nairobi nako, walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere waliupinga mpango kwa kelele nyingi, kwa sababu waliitaka ardhi hiyo hiyo kwa ajili yao. Mwenye ardhi hakuulizwa na pande zote mbili.

Kongamano la Saba, Basel tena, katikati ya 1905, liliukataa mpango. Israel Zangwill, mwandishi wa London, akajitenga na kuanzisha chama chake cha kutafuta ardhi popote duniani. Kwenye vitabu vingi hadithi inaishia hapo. Historia ya Wayahudi wa Kenya ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu wapo waliosikia habari ya mpango wakaja bila kusubiri kura ya mtu.

Anayefahamika zaidi ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyepitia Afrika Kusini na kufika Mombasa mwaka 1903. Alijaribu kilimo. Nairobi ya wakati huo, mji wa mabati na matope, haikuwa na magodoro ya kutosha, Block akakata nyasi, akazikausha, akazishindilia ndani ya vitambaa na kuvishona, akaiuzia hoteli ya mji. Mwaka 1927 alichukua hoteli ya Norfolk, na 1947 akanunua New Stanley, mrithi wa ile ile aliyoishonea magodoro. Kampuni ya familia yake ndiyo iliyoendesha hoteli nyingi za watalii, mjini na mbugani, kabla na baada ya uhuru. Kwa hiyo mpango ulioshindwa kuleta wakulima ulileta wenye hoteli, maduka na ofisi za sheria, na kitovu chao kikawa Nairobi. Nakuru palikuwa na jumuiya ndogo, na waliobaki walitawanyika mashambani.

Jumuiya ya Nairobi iliundwa mwaka 1904, na sinagogi lake la kwanza likafunguliwa 1913. Hapa niruhusuni niingie jikoni, maana jumuiya ndogo huendeshwa na mambo madogo, na wanafunzi huyashika haya kuliko tarehe.

La kwanza ni akidi. Sala za hadhara, ikiwemo kusoma Torati kutoka kwenye gombo na sala ya kumkumbuka marehemu, kwa desturi ya jumuiya hizo zilihitaji wanaume 10 waliotimiza miaka 13. Tisa hawatoshi, hata wakiwa marabi watupu. Mji ukiwa na familia 20, wawili wako safarini Mombasa, mmoja ana malaria, mwingine amekwama Limuru kwa matope, akidi imevunjika. Ndiyo maana jumuiya za namna hii hulia zaidi kwa kuondoka kwa kijana mmoja kuliko kwa kupungua kwa fedha.

La pili ni nyama. Mchinjaji lazima awe amesomea kazi hiyo; kisu kisiwe na hata pengo la kushika ukucha; mapafu ya mnyama hukaguliwa. Nyama huloweshwa maji nusu saa, hupakwa chumvi pande zote na kuachwa saa nzima ili damu itoke, kisha husuuzwa mara tatu. Sehemu ya nyuma ya ng'ombe ina mshipa mkubwa wa paja usioruhusiwa, na kuutoa ni kazi ya fundi, hivyo kwa kawaida paja zima huuzwa kwa bucha ya kawaida. Piga hesabu: mnyama mmoja, nusu yake haitumiki, familia chache, na friji hakuna. Bei ya nusu iliyobaki inapanda, baadhi wanaacha kununua, inapanda tena. Mchinjaji akihama, kinachobaki mezani ni samaki na mayai.

La tatu ni jua. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Kwao Lithuania, Desemba jua huzama karibu saa kumi alasiri, na Juni halizami hadi usiku umeingia. Fundi hajui Ijumaa hii atafunga kazi saa ngapi bila kuangalia kalenda. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi, mwaka mzima, basi. Na sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa kwamba siku huanza magharibi, kwa kuwa hesabu yetu ya kale ni hiyo hiyo: usiku wa Jumamosi kwa wazee wa pwani ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa.

Mvua ndiyo iliyowatatiza. Sala ya kuomba mvua, kwa Wayahudi walio nje ya Israeli, huingizwa mwanzoni mwa Desemba na kusimamishwa Pasaka. Pasaka ni Machi au Aprili, na hapo ndipo masika yetu yanaanza. Mkulima wa Kiyahudi wa Rongai angesali kuomba mvua kiangazi chote, kisha anyamaze wiki ile anayoihitaji. Kanuni haibadilishi tarehe. Inamruhusu kuomba mvua yake ndani ya kile kipengele cha sala kinachopokea maombi ya kila aina.

Miaka ya baina ya vita viwili naipita haraka. Lisilopitika ni rangi. Sheria ya ardhi ya 1915 na taratibu zilizofuata ziliwahifadhia Wazungu nyanda za juu, na Wayahudi walihesabiwa Wazungu. Waliweza kumiliki shamba mahali ambapo Mkikuyu au Mhindi hakuweza. Wakati huo huo, baadhi ya vilabu vya walowezi havikuwapokea. Mwalimu akifundisha nusu moja bila nyingine, atakuwa amewafanya ama wanyonge watupu ama mabwana watupu.

Mwaka 1938, kwenye mkutano wa Evian kuhusu wakimbizi wa Ujerumani na Austria, mjumbe wa Uingereza aliitaja Kenya kuwa inaweza kupokea familia chache za kilimo. Shirika la Plough Settlements likaundwa kuwafunza vijana kilimo na kuwapeleka mashambani. Dhamana ya kuingia ilikuwa pauni 50, wakati Wanazi walikuwa wamekwisha kumnyang'anya Myahudi anayeondoka karibu kila alichokuwa nacho. Waliofaulu wakajikuta mameneja wa mashamba ya watu: wakili wa Breslau anapewa pareto na ng'ombe wenye ndigana, wala hajui neno moja la Kiswahili. Wasimamizi Waafrika ndio waliowafundisha kazi pamoja na lugha. Vita vilipoanza Septemba 1939, wanaume walikamatwa kama raia wa adui, kwa kuwa pasipoti zao zilikuwa za Ujerumani ile ile waliyoikimbia. Wengi waliachiwa baada ya muda mfupi.

Kuna Wayahudi wengine waliofika Kenya bila hiari. Tarehe 19 Oktoba 1944 Waingereza waliwapakia ndegeni wafungwa 251 wa Irgun na Lehi, vikundi vya siri vya Wayahudi waliopigana na utawala wa Uingereza huko Palestina, wakawatoa Palestina na kuwapeleka Eritrea, mbali na mahakama na mbali na wenzao wa kuwatorosha. Machi 1947 walihamishiwa Gilgil. Kwa jumla, wafungwa 439 walipitia kambi hizo za Afrika. Walichimba mahandaki na kughushi hati. Machi 1948 Yaakov Meridor na wenzake watano walitoroka Gilgil, wakavuka Uganda hadi Kongo ya Wabelgiji, na kutoka huko wakafika Ubelgiji. Meir Shamgar, aliyesomea sheria kwa posta na Chuo Kikuu cha London akiwa kizuizini, alikuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Waliobaki walirudishwa Julai 1948, miezi miwili baada ya Israeli kutangazwa. Kumfunga mtu bila mashtaka na kumhamisha mbali na kwao: Wakenya waliwekewa utaratibu uo huo kuanzia 1952, kwa makumi ya maelfu. Darasani visa hivi viwili vinafaa kusomwa pamoja.

Mwaka 1955 sinagogi jipya la mawe lilifunguliwa mahali pa lile la zamani, na mwaka huo huo Israel Somen, mmoja wa viongozi wa jumuiya, akawa meya wa Nairobi hadi 1957. Uhuru ulipokaribia wengi waliondoka, hasa wenye mashamba, wakaenda Uingereza, Israeli na Afrika Kusini. Waliobaki waliungana na Waisraeli waliokuja kwa ujenzi, kilimo na ubalozi. Uhusiano wa kibalozi ulikatwa 1973 na kurejeshwa 1988, lakini Julai 1976 ndege za Israeli zilizotoka kuwaokoa mateka Entebbe, Uganda, zilijaza mafuta Nairobi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka Norfolk, na ingawa hoteli haikuwa ya Israeli, jina la Block lilitosha kuifanya shabaha. Zaidi ya watu kumi walikufa.

Niondoe mkanganyiko mmoja. Abayudaya wa Mbale, Uganda, hawakutokana na mpango wa 1903. Walianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Baganda aliyesoma Biblia akaamua kufuata Torati, akajitahiri yeye na wanawe. Jina la Uganda limewaunganisha kwa bahati tu. Vivyo hivyo, jumuiya ndogo ya Waafrika wanaofuata Uyahudi huko Kasuku, Nyandarua, ina historia yake, haikuzaliwa na sinagogi la Nairobi.

Mwisho, kwa wale watakaowapeleka wanafunzi kwenye makaburi ya Kiyahudi. Ombeni ruhusa mapema, na msiende Jumamosi. Wavulana wavae kofia. Msiondoe vijiwe vilivyowekwa juu ya kaburi. Wageni huviacha kama alama ya kuzuru. Maiti huoshwa na kuvishwa sanda nyeupe isiyo na mifuko, na huzikwa haraka, kwa hiyo wanafunzi wa Kiislamu watayatambua mengi.

Juu ya jiwe mtaona herufi mbili za Kiebrania zenye maana ya "hapa amezikwa". Mwaka wa kifo nao huandikwa kwa herufi, kwa kuwa kila herufi ni namba: mjumlishe thamani zake. Mara nyingi elfu huachwa, hivyo 5698 huandikwa 698. Ongezeni 1240 mpate 1938. Lakini mwaka wao huanza Septemba au Oktoba. Mwezi ukiwa Tishri, Heshvan au Kislev, ongezeni 1239. Tevet huangukia Desemba na Januari, hapo tafuteni kalenda kabla ya kuandika chochote. Na pakitokea tofauti ya siku moja kati ya tarehe ya Kiebrania na ya Kiingereza kwenye jiwe hilo hilo, mwanafunzi asikimbilie kuandika kwamba mchongaji amekosea. Aulize kwanza kama marehemu alikufa baada ya magharibi.